Maua ya Upande wa Miguu

Surain Singh alitunga maua katika mji wetu kwa miaka thelathini na minne, na kwa muda wote huo hakuna aliyemsikia akisifu harufu ya ua lolote. Asubuhi, kabla ya kugusa maua ya gurudwara, nyumba yetu ya ibada, aliosha mikono hadi viwikoni, akavua viatu, akajifunga kitambaa puani na mdomoni. Ua linalokwenda kuwekwa mbele ya Kitabu Kitakatifu halinuswi na binadamu kwanza, wala halirudishwi kwenye shada likishaanguka chini. Akimaliza hayo ndipo alipogeukia kazi za harusi na misiba. Maua ya kazi hizo angeweza kuyanusa apendavyo, lakini pua yake ilikuwa imekwisha kuzoea adabu.

"Mwaka wa kwanza wa ndoa nilijipaka mafuta ya asumini kila siku," mkewe Nasib Kaur alipenda kutuambia, akivuta uzi kwa meno. "Hasara tupu."

Kwetu, mzee akifa baada ya kuona vitukuu, hatumlilii kama tunavyowalilia wengine. Jeneza lake hupambwa kama gari la bwana harusi, kwa maua, karatasi za rangi na maputo, na watoto wa ukoo hulirushia tende na bisi linapopita. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kazi ya namna hiyo, Surain Singh alikuwa na maswali mawili. Marehemu ameona vitukuu? Na aliyemzaa, yu hai? Swali la pili liliwachekesha watu, kwa maana ni nani afaye na miaka themanini akimwacha mama yake nyuma? Hata hivyo aliliuliza kila mara, maana mbele ya mama hakuna kifo cha kupambwa.

Siku alipofariki Mzee Gurmej Singh, fundi wa pampu za visima katika kijiji cha pili kutoka kwetu, swali hilo halikuulizwa. Mjukuu wake, Lakhbir, alipiga simu alfajiri. Juma lile maua ya genda, yale ya manjano tunayoyategemea kwa kila shughuli, yalikuwa haba sokoni, na wakati Lakhbir akieleza, Surain Singh alikuwa tayari anawaza atayapata wapi. Aliuliza kama kuna vitukuu, akaambiwa wako watatu, akakata simu na kukimbilia sokoni.

Kufikia saa nne kazi ilikuwa imeiva. Uani kwa marehemu, jeneza la wazi la mianzi lilisimama juu ya vitanda viwili vya kamba. Kutoka miguuni hadi kiunoni liling'aa kwa genda, na maputo yakicheza pembeni. Upande wa kichwani Surain Singh alikuwa amejenga kuba la mawaridi mekundu, ambalo baadaye aliniambia kuwa hajawahi kujenga zuri kuliko hilo. Mzee Gurmej alikuwa bado ndani ya nyumba, amekwisha kuogeshwa na kufungwa kilemba chake cha rangi ya waridi.

Hapo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, akatoka bibi kizee ameshikiliwa na wasichana wawili. Alitazama jeneza kwa muda mrefu.

"Lakhbir," akasema, "leo ni harusi ya nani?"

"Bibi, tafadhali rudi ndani ukapumzike."

"Nimepumzika miaka tisini na sita. Nakuuliza, harusi ya nani?"

Sindano ilikuwa bado mkononi mwa Surain Singh. "Huyu ni nani?" akamnong'oneza Lakhbir.

"Bibi Bachint Kaur. Mama yake Babu."

"Mama mzazi?"

"Mzazi, ndiyo. Kwani kuna nini, Fundi?"

"Wewe mtoto, hukuniambia!"

"Hukuniuliza!"

Ilikuwa kweli. Surain Singh akavua viatu, akaenda kuinama na kugusa miguu ya bibi yule. "Mama, kosa ni langu. Nipe ruhusa nivunje kila kitu."

"Usivunje chochote!" Lakhbir akaingilia, macho mekundu. "Babu mwenyewe aliniagiza. Alisema, 'Nikienda, msinililie, nifungieni maputo.' Aliniapisha, Bibi! Nimwambie nini sasa?"

Bibi Bachint Kaur akageuka polepole. "Gurmej alisema hivyo?"

"Ndiyo, Bibi. Mbele ya mke wangu."

"Mpumbavu yule. Alidhani nitatangulia."

Nasib Kaur, aliyekuja kumsaidia mumewe kushona maua, akamletea kiti, lakini hakukaa. Alisogea hadi kwenye jeneza, akapitisha kiganja juu ya mianzi.

"Kwenu alikuwa babu," akamwambia Lakhbir. "Ameona vitukuu, mna haki yenu, na kiapo ni kiapo. Chukueni upande wa miguu. Fungeni maputo, rusheni tende, alipenda kelele tangu akitambaa. Kichwa ni changu. Hapa sitaki ua hata moja."

"Bibi, watu watasema tuliishiwa."

"Nao waseme. Wewe Fundi, unaogopa watu?"

"Naogopa, Mama," Surain Singh akasema kwa unyofu, na bibi yule, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akakaribia kutabasamu.

"Basi ogopa huku ukifanya kazi."

Akafanya. Alikata nyuzi moja baada ya nyingine, na Nasib Kaur akayapokea mawaridi kwenye gunia. Kuba lililojengwa kwa saa tatu lilishuka kwa muda mfupi sana. Ilibaki mianzi na shuka jeupe. Walipomlaza Mzee Gurmej, mama yake alikaa kichwani pake, akaweka mkono kwenye paji la uso wake, chini ya ukingo wa kilemba, akauacha hapo mpaka wabebaji waliposema muda umefika. Vitukuu watatu walirusha tende na bisi wakiwa wamesimama upande wa miguu tu. Walikuwa wameonywa.

Msafara ukapita katikati ya soko, jina la Mungu likiitwa kwa pamoja. Watu walitoka madukani kutazama jeneza lile lililowaka upande mmoja na kuwa tupu upande wa pili. Muuza vitamu vya jalebi wa pembeni mwa barabara, ambaye humtania kila mtu, akapaza sauti:

"Ee Surain! Leo vipi? Maua yamekuishia katikati ya kazi?"

Watu kadhaa wakacheka. Nasib Kaur alifungua kinywa kumjibu kama anavyostahili, lakini mumewe akamgusa mkono.

"Yameisha, ndugu yangu," Surain Singh akasema. "Leo nilikosea makadirio."

Akaendelea kutembea. Nyuma yake Nasib Kaur aliliinua gunia la mawaridi begani, akaliteremshia shela lake mpaka likafunikwa lote, ili mumewe asije akaonekana mwongo.