Sufu ya Bawa la Kushoto

Hilda Tebbutt, mjane wa Bedford, alilipwa na serikali ili abandike sufu kwenye ndege. Ilikuwa ndege ya majaribio, imechongoka kama kipande cha keki, na iliruka polepole mpaka kunguru waliipita. Pamoja na uvivu wake huo, ndiyo waliyoitumia kubuni mabawa ya ndege ya abiria itakayoishinda sauti mbio. Usiniulize, wenye digrii walielewa. Kazi ya Hilda ilikuwa kubandika nyuzi za sufu bawani, kila uzi ncha moja tu, ili huko angani zipepee na kamera ione hewa inapita wapi.

Jumatatu ile kigari cha chai kiliingia saa nne kamili. Kwa Waingereza, kigari kikilia unaacha hata nyumba inayoungua. Hilda alikuwa kwenye bawa la kushoto. Akazibandika kwa gundi hata zile ncha huru, zisisokotane, anywe kwanza, arudi azibandue. Akanywa. Hakubandua.

Picha za angani zilipotoka, nyuzi za kulia zilikuwa zinacheza ngoma, za kushoto zimelala kama maiti. Mkuu wa kitengo, Dakta Pargeter, akaandika ripoti ya kurasa kumi na nane kuhusu “hewa mfu”, kisha akaamuru bawa la kushoto lifungwe kipande cha chuma cha kuiamsha.

Hilda alikuwa amebakiza miezi kumi na minne apate pensheni, kwa hiyo alinyamaza. Ijumaa akamwona rubani Lavender anaingia ndani ya ndege, na chuma kinaning’inia upande mmoja, cha kutosha kuipindua ndege.

“Dakta, hewa haijafa. Ni gundi yangu.”

“Bi Tebbutt, ripoti imeshapigwa chapa.”

“Basi pigeni chapa na tanzia ya Lavender.”

“Fomu ya kosa la injini ipo. Ya sufu hakuna. Kosa lako nilipokee vipi?”

Hilda akachukua wembe, akapanda ngazi, akaketi juu ya bawa na sketi yake, akaanza kukata ncha mojamoja. Lavender akachungulia.

“Mama, tunasafiri wote?”

“Mpaka wakutolee hiki chuma. Usiwashe.”

“Siwashi. Umebeba sandwichi?”

Baada ya nusu saa mafundi walikuwa wamekaa chini kwa kicheko, na Dakta akaona heri chuma kitoke. Ndege ikaruka, nyuzi zote zikacheza.

Barua ya kumfukuza Hilda ilichapwa mchana huohuo. Haikutumwa. Ingebidi itaje kosa lake, na kosa lenyewe lingezizika kurasa zote kumi na nane za Dakta.