Mdogo wangu kamwaga corbeille, mémoire ya dada yake ikaenda nayo

Wakuu, habari zenu.

Siku hiyo tulikuwepo mimi, mdogo wangu Neema, kitinda mimba wetu Basile, na Papa Espé, fundi kompyuta wa pale Nyawera. Pia Madame, dende wetu, kale kanyama ka manyoya tunakofuga jikoni hapa Bukavu kwa ajili ya kitoweo. Namhesabu kwa sababu ndiye chanzo. Wote wapo, waulizeni kama nimeongeza chumvi.

Wazazi walipofariki niliacha shule nikashika cherehani ili wadogo waendelee. Kwa hiyo mémoire ya Neema, ile kazi ya kumaliza chuo, naiita yetu, ingawa sielewi hata kichwa chake. Ilitakiwa ikabidhiwe Jumatatu.

Jumamosi nilikuwa namenya viazi. Maganda tunayaweka kwenye kikapu, na kikapu tunakiita corbeille. Kilikuwa kimejaa, Madame analia njaa, nikaita sebuleni:

"Basile, umwange ile corbeille, imejaa."

Basile alikuwa kwenye kompyuta na muziki wake.

"Nimesha mwanga, Yaya." Ndivyo wanavyoniita, dada mkubwa.

Nikashangaa. Huyu hajawahi kutii mara ya kwanza. Natazama kikapu, maganda yapo.

"Umemwanga corbeille gani?"

"Ya ku machine. Imeniuliza kama niko sûr, nikasema oui."

Neema akatoka bafuni na povu kichwani.

"Mémoire yangu ilikuwa mule."

"Mémoire inatafuta nini mu takataka?" Basile akauliza.

"Nilikuwa naificha. Ni weye nakimbia, unafutaka vitu vya watu juu ya kupata nafasi ya mafilme yako."

Ndiyo, wakuu. Recycle bin, kwa Kifaransa nayo ni corbeille. Msomi wetu alikuwa anatunza jasho lake kwenye pipa la taka.

Flash yenye backup alikuwa amemwazima Basile. Msiniulize sasa ina nini.

Basile akataka kudownload programu ya recovery palepale. Bahati nzuri Neema alishampigia Papa Espé.

"Muzime. Musiguse kitu," akasema.

Baadaye alituelewesha: kitu kikifutwa, disque inaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi. Ukiweka kitu kipya, kinaweza kukaa juu ya kile cha zamani, na hapo kimekwenda. Yetu ni disque ya zamani, ile inayozunguka. Mashine nyingi za kisasa zinasafisha zenyewe, tungelia.

Nikaifunga kompyuta mgongoni kwa kitenge kama mtoto, ili mikono ibaki huru kuwatenganisha wale wawili njiani kwenda Nyawera.

Papa Espé akachomoa disque, akaiunga kwenye mashine yake, akawasha programu ya kutafuta. Vilivyopatikana akavihifadhi kwake, si kwenye disque yetu. Shida ni kwamba majina yalipotea, yakabaki manamba. Ikabidi kufungua kimoja kimoja, na vya kwanza vilikuwa picha tu.

"Hii kichwa iko ya nani?"

"Ya mimi, papa," Basile akajibu.

"Zote?"

"Coiffure ya nywele haiko moja."

Neema alikuwa anatafuna ncha ya kitenge. Kisha ukafunguka ukurasa wenye jina langu: kazi hii ni ya yaya wangu, aliyeacha shule ili nisome. Yaliyofuata sikuyasoma vizuri. Nadhani screen ya Papa Espé ilikuwa na vumbi.

Mémoire yote ilikuwepo. Papa Espé akakataa pesa. Basile, kwa furaha, akamwahidi watoto wawili wa Madame, kwa kuwa tumbo lilikuwa kubwa tayari. Tukaitikia wote.

Neema alikabidhi, akapita.

Funzo: takataka si kabati. Weka nakala mahali pawili, na Basile asijue hata mahali pamoja. Ukifuta kwa bahati mbaya, zima, usiguse.

Wiki zikapita, Madame hazai. Mwishowe Papa Espé akaja mwenyewe, akamgeuza chali, akamtazama.

"Mama, huyu Madame iko monsieur."

Lile tumbo lilikuwa viazi.

Siku hizi tukienda Nyawera tunapitia njia ya nyuma. Mwenye dende jike wa kuazima aniandikie hapa chini, kwa sababu deni la watoto wawili lipo palepale, na baba yao anaendelea kula maganda.