Wiki Tatu za Muundi wa Kushoto

Kazi hii ya kutibu viungo vya wanamichezo niliisoma kwa macho kabla ya kuisoma kwa vitabu, na sioni haya kusema hivyo. Nilikwenda Doha kuwa mlinzi wa lango katika klabu ya michezo. Wenzangu walipokuwa wakisinzia vitini, mimi nilisimama kwenye dirisha la chumba cha tiba nikitazama jinsi kifundo cha mguu kinavyofungwa, goti linavyopimwa, mchezaji anavyorudishwa uwanjani kidogo kidogo. Miaka sita. Kisha nikasoma kwa mshahara wangu mwenyewe, bila mjomba wala mbunge. Diploma yangu iko ukutani Malaba, kwenye chumba nilichokodi nyuma ya duka la misumari na mabati. Kutoka hapo hadi Busia sijasikia mwingine mwenye kama hiyo. Kama yupo, ajitokeze.

Mwaka ule wa kwanza niliyasema hayo kila mahali, kwa kinyozi na hata kanisani. Na nilisema zaidi kuhusu mwanamke mmoja wa miaka ishirini na mitatu, mkimbiaji wa mita mia nane, mwenyeji wa upande wa Amukura. Mashindano ya kuchagua timu ya kaunti yalikuwa yamebaki mwezi mmoja, uwanjani Busia, na kocha wa timu moja ya askari alikuwa amesema atakuja kumwona. Akimpenda, atamchukua. "Huyo nitamfikisha mimi," nilimwambia kila aliyenipa sikio.

Alikuja kwangu akichechemea. Mama mkwe wake alikuwa amemkanda kwa maji moto na chumvi siku nne mfululizo, na muundi wa kushoto ulikuwa umewaka kama jiko. Nilipitisha kidole gumba juu ya mfupa taratibu, hadi nikafika mahali padogo, upana wa kifuniko cha soda. Hapo akaruka. Nikamwambia asimame kwa mguu huo mmoja aruke mara tatu. Aliruka mara moja tu. Picha ya hospitali haikuonyesha kitu, lakini mimi nilijua kwamba mfupa unaoanza kuchoka mara nyingi hauonyeshi kitu mwanzoni.

"Wiki tatu usikimbie," nikamwambia. "Hata ukifukuzwa na mbwa."

"Na huyo mbwa umemwambia?"

"Nitamwambia. Wewe fanya mazoezi ya nyonga na tumbo niliyokupa, na muundi usiukande tena."

Wiki ya kwanza ikaisha, maumivu yako pale pale. Ya pili ikaisha, kidole changu kikigusa tu anakunja uso. Niliandika kila kitu kwenye daftari, nikalisoma na kulisoma, nikazunguka chumba. Mpango ulikuwa sawa. Niliujua mpango huo, nilikuwa nimeuona ukiponya watu wakubwa kumshinda. Mwisho wa wiki ya tatu hali ilikuwa mbaya kuliko siku aliyoingia.

"Unakimbia kwa siri," nikamwambia.

"Sijakimbia hata hatua moja, daktari."

"Mfupa haudanganyi."

"Kwa hiyo mimi ndiyo nadanganya? Nikudanganye ndiyo nipate nini?"

Aliondoka bila kuaga. Mimi sikuweza kukaa. Kesho yake, Jumapili, kulipopambazuka, nilikuwa nimeshajibanza kando ya uwanja wa shule anapofanyia mazoezi, mtu mzima na diploma yake, nikimvizia mgonjwa wangu. Hakuja. Nikangoja, nikachoka kungoja, nikashika barabara kuelekea mpakani nikipita kando ya foleni ya malori, bila kujua ninakwenda kufanya nini.

Nilimwona kwenye daraja. Alikuwa katikati ya mstari wa wanawake wanaovusha mizigo kutoka upande wa Uganda, nusu gunia la maharagwe kichwani, anatembea mbio mbio, kwa sababu anayetua kwanza ndiye anayerudi kwanza kwenye mstari. Alitua, akageuka, akarudi. Nilihesabu safari nne, na jua lilikuwa halijakaza.

"Umekuja kunikamata?" akaniuliza alipopita karibu. "Sikimbii. Angalia mwenyewe. Natembea."

Alikuwa amenitii neno kwa neno. Nilimkataza kukimbia na hakukimbia. Na mimi, niliyempima nyonga, goti na urefu wa hatua, sikuwa nimemuuliza hata siku moja kazi yake ni ipi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa wanawake hao, mama mnene aliyekuwa ameketi juu ya magunia akitoa zamu.

"Yoga, daktari," akanisalimu kwa Kiteso. "Leo umeleta dawa gani?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema sheria ni sheria: asiyeonekana siku tatu, nafasi yake hupewa mwingine, na wanaoisubiri ni wengi. Isipokuwa aliyejifungua. Mzazi hubebewa zamu yake na wenzake siku arobaini.

"Basi mhesabuni kama mzazi," nikasema.

Kisha mmoja nyuma yangu akapiga kigelegele. "Amejifungua mguu!"

"Wa kushoto!"

"Baba wa mtoto ni nani? Ni huyu wa Doha?"

Walicheka hadi mmoja akatua mzigo. Mwenyekiti alifuta machozi, akainua mkono, akatangaza kwamba kuanzia hapo yule dada ni mzazi. Siku arobaini. Mzazi mwenyewe hakucheka. Mashindano yalikuwa yamebaki siku sita.

Siku hizo sita sikulala vizuri. Kinyozi aliniuliza kama bado "mtu wetu" anashinda Jumamosi, na nikajibu bila kufikiri kwamba anashinda. Nilijua namna ya kuufunga mguu ule kwa utepe ukavumilia dakika mbili za mbio. Ni dakika mbili tu. Nilichukua utepe, nikauweka mezani, nikaurudisha kabatini, nikautoa tena.

Ijumaa alikuja, amevaa viatu vya mbio.

"Nimepumzika kweli kweli," akasema. "Pima."

Nikaweka kidole gumba. Uso wake haukusogea hata kidogo. Lakini vidole vya mguu vilijikunja ndani ya soksi, nikaviona.

"Hukimbii kesho."

"Unaogopa jina lako liharibike."

"Jina langu ndilo linataka ukimbie," nikamwambia. "Mfupa ukipasuka kesho, hutakimbia mwaka mzima. Pengine hutakimbia tena."

Alinitukana kwa Kiteso, polepole, ili nielewe vizuri.

Jumamosi tulikwenda Busia hata hivyo. Nilimtafuta kocha wa askari nikamwambia mbele ya mgonjwa wangu kwamba kosa lilikuwa langu: nilimpumzisha mkimbiaji nikamwacha mchukuzi akifanya kazi. Haikuwa rahisi kuyatoa maneno hayo. Kocha alimtazama mguu, akauliza muda wake bora, akaandika.

"Akipona, mlete," akasema. Akaenda zake.

Tuliketi kwenye nyasi tukatazama mita mia nane zikikimbiwa na wengine. Aliyeshinda alianza haraka mno na kumalizia akiyumba.

"Ningemshinda yule," akasema.

"Ungemshinda."

"Kwa mbali."

"Kwa mbali."

Aliinuka, akaelekea langoni kutafuta boda. Nikamfuata hatua tatu nyuma, macho chini, nikitazama kama wayo wa kushoto unatua sawasawa au unakwepa.

"Acha kutazama mguu wangu, daktari," akasema bila kugeuka. "Watu watafikiri vibaya."

Sikuacha.