Mshono wa Shingo ya Kuku

Siku tisa nzima Fusae hakulala vizuri, na sababu ilikuwa jarida. Alilikuta kwa msusi wake pale Kawagoe, akalifungua kupitisha muda tu wakati dawa ikishika nywele. Ukurasa wa katikati ulikuwa na picha ya Chizuru, shoga yake kwa miaka thelathini na minne, kajifunga kitambaa kichwani, anapepea makaa. Chini yake waliandika kwamba mkahawa wake wa mishikaki ya kuku, huko Asagaya, una viti vinane tu na watu hungoja miezi minne kupata kiti. Tena wakasema ajabu yake kubwa ni mshikaki wa shingo, "siri ya mkono wa Chizuru."

Fusae alilisoma lile neno "siri" mara tatu.

"Dawa inakuwasha, mama?" msusi akamwuliza.

"Inawasha," akajibu Fusae, na wala haikuwa dawa.

Walipokuwa wasichana, yeye na Chizuru waliajiriwa siku moja kwa mzee Gonda, mchoma kuku wa mtaa wa Oji. Gonda hakutaka mwanamke asogelee moto. Aliwaweka nyuma wakatunga nyama kwenye vijiti vya mianzi, vijiti mia nne kwa siku, mpaka ncha za vidole zikafa ganzi. Nyama iliyowatesa kuliko zote ilikuwa ya shingo. Ni nyembamba na ndefu kama utepe, na ukiitunga ovyo inakauka huku, kule bado mbichi. Fusae ndiye aliyebuni kuikunja na kuishona kwa kurudi nyuma, kisha chini kabisa akaficha kipande cha ngozi kama ukucha, mafuta yake yalainishe tonge la mwisho. Wageni wakamsifu Gonda, naye Gonda akazipokea sifa kama zake. Aliyejua mshono ule ni wa nani ni Chizuru peke yake, maana Fusae alimfundisha kwa mkono wake, wamekalia makreti ya bia.

Kisha Fusae akaolewa na Isamu, dereva wa basi, akaacha kazi. Chizuru hakuolewa. Mgongo wa Gonda ulipomkatalia, yeye ndiye aliyeshika upepeo. Hakuna aliyemfukuza Fusae pale jikoni, na hilo ndilo lililomuuma, kwani hakuwa na wa kumlaumu. Lakini sasa, na hilo jarida, alimpata.

Akapiga simu. Chizuru akafurahi mpaka sauti ikapasuka, akamwambia kuna wageni wameahirisha, njoo Jumamosi saa kumi na moja jioni na mumeo. Fusae akashukuru kwa adabu zote, akakata simu, akaapa moyoni: nikiuona mshono wangu pale, urafiki umekwisha. Hata kadi ya mwaka mpya sitamtumia tena.

Jumamosi ikafika. Jua la mwezi wa sita lilikuwa bado limesimama dirishani walipokaa kwenye kaunta, mbao nyeupe isiyo na doa. Chizuru aliwainamia kutoka upande wa moto. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, lakini mgongo ulikuwa wima kama wa msichana. Fusae alinyoosha wake.

"Fusae! Umenenepa, umependeza."

"Wewe umekonda," akasema Fusae. "Moto unakula watu."

Firigisi zikaja kwanza. Isamu akauma, akafumba macho.

"Mama wee!"

"Punguza sauti," Fusae akamnong'oneza.

"Nipunguze vipi? Miaka thelathini nakula kuku, kumbe nilikuwa nakula nini?"

"Ulikuwa unakula wa kwangu."

Isamu akaona amejikwaa, akaikimbilia bia yake. Likaja paja na kitunguu majani, likaja ini, na kila kilichokuja kilikuwa kitamu, na kila utamu ulimshuka Fusae kama mwiba wa samaki. Mgeni wa kiti cha pembeni alikuwa akimwita Chizuru "bwana mkubwa wa moto," na Chizuru anacheka bila kuinua macho, anageuza vijiti kwa vidole vitupu. Vidole vile Fusae alivijua tangu vilipokuwa vinatoka damu. Leo vilimtia kijicho, hata kwa makovu yake.

Ndipo ukaja mshikaki wa shingo. Chizuru akauweka mbele yake taratibu, akaubakiza mkono wake juu ya kaunta kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Fusae akautazama. Kwa nje huwezi kujua mshono. Basi akashika vijiti vyake vya kulia chakula, akaibana nyama, akaivuta ikatoka kwenye mti wa mshikaki, kipande baada ya kipande, juu ya sahani.

Mgeni wa pembeni aliacha kutafuna. Kuvua mshikaki mbele ya aliyeuchoma ni kama kufumua nguo ya fundi mbele yake ukague nyuzi, na kila aliyekaa kwenye kaunta ile alilijua hilo. Isamu akamfinya paja. "Mke wangu, una wazimu?"

Fusae hakumsikia. Alikuwa anapekua. Hakuona mkunjo wa kurudi nyuma, wala ngozi pale chini. Vipande vilikatwa kwa namna nyingine kabisa, kikubwa juu na vingine vikipungua kwenda chini, vimelazwa kwa mshazari kama vigae vya paa. Ilikuwa kazi asiyoijua, na ilikuwa safi kuliko yake.

Hakuna aliyemwibia kitu. Alikaa na ile nyama iliyotawanyika akagundua kwamba alikuwa ameomba, tena kwa moyo wote, akute ameibiwa. Angeibiwa, angekuwa na cha kudai.

"Unatafuta ngozi," akasema Chizuru. Hakusema kwa hasira. "Sijaiweka."

"Kwa nini?" akauliza Fusae.

"Si yangu. Gonda alikufa akijiita mwenye mshono ule. Mwandishi wa jarida naye akaniuliza ni wa nani, nikamwambia huu wa sasa ni wangu, ule wa zamani ulikuwa wa rafiki yangu. Akaandika alilopenda." Akageuza vijiti vitatu, akafuta kidole kwenye kitambaa. "Ilinichukua miaka sita kupata namna nyingine. Miaka sita, Fusae, kwa sababu yako. Nilikutukana sana."

Isamu akacheka, akajizuia.

"Nilikuja kukukamata," akasema Fusae.

"Najua. Sauti yako ya simu ilikuwa ya askari."

Fusae akachukua kipande kimoja, akala. "Chumvi imezidi."

"Hicho ni cha juu, ndicho hutiwa chumvi ya kumwamsha mlaji. Cha chini karibu hakitiwi kitu. Ukishavichanganya kwenye sahani kama kuku wa duka la kona, utajuaje?" Chizuru akachukua mti mwingine wa shingo kutoka motoni, akamwekea. "Haya. Kula kama mtu aliyefundishwa."

Fusae akaushika kwa mkono. Tonge la kwanza likamwasha ulimi, la pili likatulia, na la mwisho, dogo, likayeyuka lenyewe, bila ngozi ya mtu yeyote.

"Wako umeushinda wangu," akasema.

Neno hilo alilisema polepole na lilimuuma vilevile, maana wivu hautoki mtu akikiri mara moja. Chizuru alikwishaupa mgongo moto, anamtazama, upepeo umesimama mkononi.

"Rudia, sikusikia."

"Umesikia sana, mwongo wewe! Geuza nyama, inaungua."

Kweli ilikuwa inaungua. Chizuru akaruka, akatukana kwa sauti ile ya zamani, ya kule nyuma kwa Gonda, na kaunta nzima ikacheka. Fusae akautia mti mtupu ndani ya kikombe cha mianzi pamoja na mingine. Kisha akala vile vipande alivyovivua, kimoja kimoja, vimekwisha kupoa, hakubakiza hata kimoja.