Walionawa Mwisho

Naomba radhi mapema: kisa hiki nitakisimulia vibaya. Mimi nimezoea jukwaa, na jukwaani ukiona watu wamenyamaza unajidondosha kama gunia la mpunga ili wacheke. Hapa sina pa kudondokea. Tena nina hasira, na mchekeshaji mwenye hasira ni kama mpishi mwenye mafua: mvumilieni, ila msile kila kitu.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya tisini, kwetu njia ya Sitalike, hatukumhitaji daktari kujua nani kamuua marehemu. Tulikuwa na beseni. Mkitoka kuzika mnalikuta mlangoni kwa mfiwa, limejaa maji yenye majani ya porini, na kila mmoja lazima atie mikono kabla hajagusa ugali wa msiba. Aliyehusika na kifo kile, walisema, maji yatamuunguza. Kwa hiyo kusitasita tu mbele ya beseni ilikuwa kesi.

Maji yale hayakubadilishwa, maana kuyabadilisha ni kumwaga ushahidi. Na foleni ilikuwa na heshima zake: wazee kwanza, halafu wageni wenye viatu, halafu wanaume wengine, halafu akina mama, halafu sisi watoto. Wazee walinawa maji. Sisi tulinawa mchuzi.

Mwaka huo kiangazi kiliukausha mto Katuma, yakabaki madimbwi, na madimbwi yale tuligawana na viboko, wao wakitangulia kwa kuwa ni wakubwa. Kisima cha pampu kilikuwa kimoja tu, ndani ya uzio wa tajiri mwenye mashine ya kukoboa, na kufuli lake lilitosha kumtisha simba. Kipindupindu kilipoingia kijijini, tajiri aliongeza la pili. Halafu leo nasikia mtu amevaa tai anasema ugonjwa haubagui! Ugonjwa ulijua njia ya kila nyumba isiyo na uzio.

Mama mkubwa Nyamizi, dada yake mama, alikuwa mfagizi wa zahanati. Shule aliishia darasa la nne, ila muuguzi akiwaelekeza wagonjwa, yeye alifagia sehemu moja mpaka sakafu ikachoka, kumbe anasikiliza. Alikuwa mjane, hana mtoto, na ulimi wake hauna breki. Kwetu sifa hizo tatu zilitosha kukufanya mshukiwa hata wa mvua kuchelewa.

Wiki moja tulizika mara tatu. Mara ya tatu alikuwa mkamwana wa Mzee Mashaka, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Msichana bado, kaacha mtoto wa kunyonya. Tukarudi kutoka makaburini, beseni lipo. Zamu ya akina mama ilipofika, mama mkubwa akasogea na dumu lake la maji na kipande cha sabuni, akasimama.

"Tia mikono, mama," Mzee Mashaka akasema.

"Mzee, huyu binti nitamlilia mpaka sauti ikauke. Ila mikono sitii."

Watu wakaguna.

"Unaogopa nini?"

"Naogopa hayo maji. Kwani nyie hamwangalii nani anakufa? Wiki nzima tunazika wanawake na watoto. Walionawa mwisho! Mzee hata mmoja hajaharisha. Ngojeni niwamiminie, kila mtu na yake. Sabuni hii hapa, nimenunua mwenyewe."

"Nyamizi, unataka kunifundisha kuzika?"

"Nakufundisha kunawa, mzee wangu. Kuzika mmeshazoea."

Pakawa kimya. Nilikuwa na miaka tisa, na tangu siku hizo kimya kinaniwasha kama upupu. Nikaruka katikati ya watu, nikatoa macho kama mama mkubwa, nikachovya kidole kwenye beseni, nikakichomoa juu: "Uwiii! Yanaunguza!"

Msiba ukacheka. Watu waliokuwa hawajacheka tangu ugonjwa uingie walishika mbavu, na mimi nikajiona nimeota mabawa. Kisha, katikati ya kicheko kile, bibi mmoja akasema taratibu, "Mtoto haongopi. Kaona."

Kicheko kikakatika. Wote wakageuka kumtazama mama mkubwa. Halafu, ili wasije wakatazamwa wao, akina mama wakatia mikono mmoja baada ya mwingine. Mama yangu naye akatia. Wa mwisho kabisa alikuwa mdogo wangu Pendo, wa miaka mitano, ambaye beseni lilimfika kifuani na akafurahi kuchezea majani.

Asubuhi yake baraza likakaa. Mama mkubwa akaambiwa awe ameondoka kabla jua halijatua. Wapo waliotaka zaidi ya kuondoka. Na asubuhi ile ile Pendo akaanza kuharisha na kutapika.

Mnajua yule mchawi wetu aliitumiaje siku yake moja? Hakufungasha hata kanga. Alikuja kwetu, akachemsha maji, akapima chumvi na sukari kama alivyosikia zahanati, akampakata Pendo na kumnywesha kijiko baada ya kijiko. Mama alikuwa analia tu.

"Dada, nisamehe. Na mimi nilitia mikono."

"Shika kijiko wewe. Kila akiendesha, kikombe. Akitapika, subiri kidogo, anza tena. Kulia utalia akishapona."

Sungusungu, vijana wa ulinzi wa kijiji, walimkuta na kijiko mkononi. Wakampandisha kwenye lori la mahindi linalokwenda Mpanda. Dumu lake na sabuni aliviacha kwetu.

Pendo akapona. Na hapa ndipo hasira yangu ilipojenga, na haina mpango wa kuhama. Kijiji kizima kilisema: mmeona? Mchawi kaondoka, mtoto kapona! Mikono iliyomwokoa ndiyo ikawa ushahidi dhidi ya mwenye mikono. Tukaendelea kunawa kwa foleni, tukaendelea kuzika walewale, mpaka watu wa afya walipofika na ndoo zenye koki. Mzee Mashaka alinawa wa kwanza, akatuhutubia juu ya faida za maji yanayotiririka. Tukampigia makofi.

Ulipokuja juzi ule ugonjwa wa dunia nzima, nikaziona tena ndoo zenye koki kila mlango. Kwenye semina wakasema jamii ijengewe ustahimilivu. Sawa. Mimi ustahimilivu niliwahi kuuona: ulikuwa kipande cha sabuni alichonunua mfagizi kwa mshahara wa mfagizi, na tuliufukuza kwa lori.

Mama mkubwa hakurudi. Alifia Mwese, kwa ndugu wa mbali, kabla sijaenda kumpigia magoti. Nauli nilikuwa nayo. Nilichokosa ni uso wa kwenda nao. Kwa miaka mingi nimemlaani Mzee Mashaka, nikamlaani tajiri na makufuli yake, nikawalaani sungusungu, na sijamaliza.

Ila pale kwenye baraza kuna kipande nimekiruka. Asubuhi ile wazee walikwama. Mzee Mashaka mwenyewe alikuwa ameanza kulegea, anasema labda huyu mama tumsikilize, kweli wanaokufa ni wa mwisho. Ndipo mmoja akasema aitwe yule mtoto. Nikaitwa.

"Hebu tuonyeshe, mwanangu. Jana pale kwenye beseni uliona nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa nacheza. Neno moja tu. Lakini walikuwa wengi kuliko jana, na wote walikuwa wananitazama mimi. Nikawaonyesha. Na kwa kuwa mchekeshaji mzuri harudii kitu kilekile, mara hii nikaongeza kutetemeka.