Siku Tuliyoisoma Ramani Mbuchi

Siku yangu ya kwanza katika Chama cha Wanajiografia sikuruhusiwa kugusa kalamu. Mchoraji Mkuu alinipa wembe na karatasi ya kufuatishia, ile nyepesi inayoonyesha mchoro ulio chini yake, akaniambia nikwangue wino bila kuitoboa. Nikatoboa wee, mpaka machozi yakanilenga. "Binti," akasema, "wino nampa anayejua kufuta." Ninyi wenye ramani kwenye simu mtanicheka, najua. Chekeni tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kibiti yalianza kujaa sabuni na vitenge, na Chama chetu, kilichozoea ruzuku ya serikali, kikaambiwa kijitegemee. Tukawa tunaishi kwa ada za wanachama, wengi wao walimu, na kwa kuuza ramani. Mimi nikahamishiwa tawi la Kibiti, chini ya Katibu wa Tawi, mtu mkavu kama muhogo wa kuanika, lakini hana makuu.

Tulikuwa na desturi moja niliyoipenda mno. Ramani haikwenda kupigwa chapa kabla ya kusomewa wenyeji. Tulitandika rasimu mkekani, mimi nikasoma majina kwa sauti, kijiji kwa kijiji, mto kwa mto, nao wakakubali au wakakataa. Kanuni ilitaka jina linalotumika, la kitu kilichopo.

Ramani ya delta, kule mto unakogawanyika kabla ya kuingia baharini, tuliisoma kijijini Mbuchi. Nilipomaliza, Bi Mwanahawa, bibi kizee aliyekaa mbele kabisa, akauliza mbona hakusikia Mchungwani. Watu wakainamisha vichwa. Mchungwani kilikuwa kitongoji chake. Mafuriko yaliuhamisha mto, ukapita katikati, ukachukua nyumba, mashamba ya mpunga na makaburi. Mumewe na mwanawe walizikwa huko.

Katibu akamwelewesha kwa upole kwamba pale sasa ni maji.

"Najua ni maji, mwanangu," akajibu. "Wangu wako chini yake. Mkilifuta na jina, nitasema nimewazika wapi?"

Nilishindwa kumtazama. Katibu naye alibanwa na kanuni. Hakuweza kuandika kitongoji ambacho msafiri angekitafuta asikione. Kisha akawageukia wenye mitumbwi, akawauliza ule mkondo mpya wanauitaje. Wakasema hauna jina, ni mto mpya tu.

"Mkiuita Mchungwani kuanzia leo," akasema, "mimi nauandika."

Wakakubali wote, fatiha ikasomwa. Nikaliandika kwa mkono wangu, herufi za kulala, zikifuata mpindo wa maji kama yaandikwavyo majina ya mito. Nililia, wala sioni haya kusema. Niligeukia pembeni nisiuharibu wino.

Baadaye kompyuta zikaja, tawi likafungwa, nikastaafu na wembe wangu. Bi Mwanahawa alishatangulia mbele ya haki.

Mwaka jana nilipanda boti Nyamisati kwenda Mbuchi kwenye msiba. Tulipokata kona, mwalimu mmoja mgeni akamuuliza nahodha, kijana mdogo, kwa nini mto wa mikoko mitupu uitwe Mchungwani.

"Sijui, mwalimu," akasema. "Tumezaliwa tukaukuta unaitwa hivyo."

Moyo wangu ulijaa, nikawaeleza.  Kijana akazima mashine, akachukua pondo la kusukumia boti, tukapita pale polepole, na mama mmoja akawatolea salamu waliolala chini ya maji.