Ndala Mlangoni pa Duka la Ghorofa

Nimechoka. Magoti yamekwisha. Lakini niliposikia duka kubwa la katikati ya mji, huku ughaibuni, linafungwa kabisa, nilimwambia mjukuu wangu anipeleke. Yeye ni wa chuo kikuu, ndiyo, chuo kikuu, na bibi yake hakumaliza darasa la nne. Kiswahili changu anakielewa chote. Kunijibu kwa Kiswahili ndiyo hataki.

"Unakwenda kununua nini?" akaniuliza kwa Kiingereza chake kwenye treni.

"Sinunui. Nakwenda kukanyaga sakafu."

Akacheka. Nikamsimulia, maana naogopa nitazikwa na hadithi yangu.

Nilikuwa na miaka kama saba. Mama alinipeleka duka la ghorofa, Dar es Salaam, lenye mapanka yakipepea darini na vioo virefu kuliko mtu. Sakafu iling'aa hata ukaliona pindo la kanga yako. Mama akavua ndala mlangoni, nami nikavua. Sakafu kama ile nani aikanyage na viatu? Tukazunguka pekupeku, tukanusa sabuni, tukapapasa vitambaa, hatukununua hata sindano. Watu wakatucheka. Hapo ndipo mama alipoona wote wamevaa viatu. Akanibana mkono: "Tembea. Usitazame chini."

Kutoka, tukakuta bawabu, mzee wa kanzu nyeupe, amezigeuza ndala zetu zitazame nje, tutumbukize miguu twende zetu. "Karibuni tena, mama," akasema, utadhani tumelinunua duka zima. Mpaka leo, mgeni akija kwangu, viatu vyake navigeuza hivyo hivyo. Mjukuu wangu huona ni wazimu wa uzee.

Basi tukafika. Rafu tupu. Masanamu ya kuvalishia nguo yamelundikwa pembeni, uchi, mengine hayana mikono. Hata harufu ya manukato hakuna. Sakafu tu ndiyo imebaki. Nikavua viatu pale mlangoni.

"Bibi! Watu wanatuangalia!" Kwa Kiingereza bado.

"Waangalie. Mama yangu aliangaliwa kabla yangu."

Nilikwenda hatua kumi, labda kumi na mbili. Baridi ya mawe ikapanda mpaka kiunoni. Nilitaka kufika kwenye ngazi, magoti yakakataa. Nikarudi nimeshika ukuta.

Viatu vyangu vilikuwa vimetazama nje, vimepangwa sawasawa. Mjukuu wangu amechuchumaa kando yake, hanitazami.

"Vaa, Bibi," akasema kwa Kiswahili. "Utaumwa."

Nikamwegemea begani, nikavaa.